Bibi Aliuliza Punda Wake

BARUA KWA MUUGUZI

Tangu tope la Hanang bahasha yangu imejaa barua za aina moja. Maji yameshapita, vita vimebaki ng'ambo ya ziwa, mwandishi anakula na kutembea, lakini kuna kitu ndani hakijatulia, chake au cha mtu wake. Nimechagua tano. Majina nimeyaondoa, na mambo madogo madogo nimeyageuza ili jirani asimtambue jirani. Wale wa presha na wale wa mawifi mtanisubiri mwezi ujao.

*

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 26, nipo Katesh. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, nilijitolea kwenye shule moja walikohifadhiwa manusura. Siku ya nne wakaja wageni wamevaa fulana za kufanana, wakatupa semina ya nusu siku ya ushauri nasaha. Tulifundishwa kuwakalisha watu kwa duara, kumi kumi, kila mmoja aeleze jambo baya kuliko yote aliloliona, "atoe sumu". Kwenye duara langu alikuwepo bibi mmoja Mdatoga, Kiswahili chake cha kuokoteza. Kila zamu yake ikifika anauliza punda wake yuko wapi. Mara tatu nikamwambia, bibi, kwanza tuongelee hisia, ya punda baadaye. Mara ya nne nilimbana, akaeleza mjukuu wake alivyomponyoka mkononi. Akaanza kutetemeka, akanyanyuka, akaenda kulala nje kwenye majani. Hakurudi kwenye duara. Wageni waliondoka kesho yake. Mpaka leo nikimwona mnadani napita upande wa pili. Nilikosea wapi?*
*Kijana wa kujitolea, Katesh*

Marahaba mwanangu. Ulikosea kwenye punda.

Duara nitalifikia, na hilo si la kwako peke yako, ulifundishwa. Lakini punda uliwekewa mkononi ukamrudisha. Kwa bibi wa kule kwenu punda ndiye bomba la maji, ndiye anayebeba mahindi kwenda mashineni. Mtu ameamka hana nyumba wala mjukuu, anauliza habari za kitu kimoja ambacho pengine bado kipo duniani. Ulitakiwa kunyanyuka pale pale: "Bibi, ni wa rangi gani? Ana alama gani sikioni?" Kisha ukamtafute mwenyekiti wa kitongoji. Hata ungerudi na jibu kwamba hajaonekana, ungekuwa umemaliza kazi ya siku ile. Hisia zake alikuwa anakupa, ila alianzia kwa punda, na wewe ulikuwa umeambiwa hisia zinaanzia kwingine.

Sasa duara. Lina asili yake. Lilianzia Marekani mwaka 1983, kwa mtu anayeitwa Jeffrey Mitchell, kwa ajili ya watu wa zimamoto na wa magari ya wagonjwa. Hao ni watu wa kazi moja, wanajuana, na jioni wanarudi kulala kwenye vitanda vyao. Baadaye utaratibu huo ukabebwa ukapelekwa kila penye ajali, kwa yeyote aliyenusurika, kikao kimoja halafu kwaheri. Watafiti wakaupima. Mwaka 1997 wale wa Cardiff, kule Wales, walitoa matokeo ya majeruhi wa moto: baada ya miezi 13, kati ya waliofanyiwa kikao cha kusimulia, 26 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Walioachwa bila kikao walikuwa 9 katika kila 100. Ni kweli kundi la kwanza lilikuwa limeungua zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo sitaki uzibebe namba hizo kama msahafu. Lakini tafiti zilizofuata nazo hazikuona kwamba kikao cha namna hiyo kinamkinga mtu, na leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kisitumike kwa watu waliotoka kupatwa na janga. Wageni wako walikuwa wamechelewa miaka ishirini na ushee, na walikuwa na haraka ya gari.

Nisijifanye mtakatifu. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza asubuhi ya 21 Mei 1996, na miili ikawa inaletwa Uwanja wa Nyamagana watu waje kuitambua. Nilikuwa na miaka miwili kazini. Nilipangwa mlangoni na beseni la maji ya dawa na boksi la glavu. Siku ya tatu akatoka mwanamume mmoja, alikuwa anamtafuta mdogo wake. Ndiye aliyekwenda bandarini kumpokea. Alikuwa amepita kwenye mistari yote ya miili, akainua shuka moja moja, hakumpata. Hakuwa analia. Mimi chuoni nilikuwa nimesoma kwamba asiyelia anajaza sumu, basi nikamvuta pembeni, nikamshika mkono: "Lia kaka, lia utoe, niambie umeona nini." Akanitazama, akauliza kama nina sabuni. Nikamwambia sabuni baadaye.

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja wa Kihaya, kwenye kanga aliyotandika chini, naye anamngoja wa kwake. Hakuwa anamfahamu. Akamwita kwa mkono, akammiminia maji kwenye viganja kutoka kwenye dumu, akamkatia kipande cha sabuni ya mche. Yule kaka akanawa mpaka viwiko, akarudia, akarudia tena. Mama akafungua jani, akampa ndizi ya kuchemsha. Nusu saa nzima hakuna aliyesema neno. Halafu yule kaka akaanza mwenyewe, taratibu, kuzungumzia godoro. Alikuwa amemnunulia mdogo wake godoro jipya, liko chumbani na nailoni yake, hajui alirudishe dukani au vipi. Mama akawa anaitikia tu, "ehee", "ehee". Mimi nimesimama na glavu zangu.

Alichofanya yule mama siku hizi kina kitabu. Kinaitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kilitolewa mwaka 2011, na mafundisho yake yamefungwa kwenye maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani anavuja damu, nani anatetemeka kwa baridi, mtoto gani yuko peke yake. Sikiliza anachokwambia, si unachotaka akwambie, na akitaka kunyamaza nyamaza naye. Unganisha: na ndugu, na orodha ya majina, na simu yenye chaji, na punda. Hakuna mahali panaposema mchimbe mtu mpaka afike kwenye maji.

Maneno pia yana kazi. "Pole. Umekula? Unamtafuta nani? Nikusaidie kumpigia nani?" yanatosha kwa siku ya kwanza. "Afadhali wewe umepona," "Mungu kampenda zaidi," "jikaze, wewe mwanaume," "nakuelewa kabisa" yaache nyumbani. Hilo la kwamba Mungu kampenda zaidi mwenye msiba anaweza kulisema mwenyewe, likamfariji kweli, wewe usimtangulie. Na usimwahidi mtu kitu ambacho si chako kukitoa. Mtu wa Katesh aliyeahidiwa mahema matatu na watu watatu anakumbuka mahema hayo kuliko tope.

Bibi yupo bado, na mnada bado upo, kwa hiyo usipite upande wa pili. Mwamkie. Usimpelekee hotuba ya kuomba msamaha, utamrudisha kwenye duara. Muulize kama punda alipatikana. Kama hakupatikana, uliza maji anayabeba vipi siku hizi, na siku moja mbebee dumu.

*

*Mama, mume wangu alifariki boti ilipopinduka, wiki tatu zilizopita. Silali. Jirani ananigawia Valium nusu nusu, nikimeza nalala kama mfu. Niendelee?*
*Mjane, Ukerewe*

Usiendelee, mama. Dawa za jamii hiyo hazipewi mfiwa kwa ajili ya msiba. Zinalaza mwili, uchungu unabaki unakungoja kitandani, na baada ya wiki chache mwili hautalala bila ya hizo. Kwa kuwa umeshazimeza, usiache ghafla: nenda zahanati, sema umemeza ngapi na kwa siku ngapi, wakuelekeze namna ya kupunguza. Kukosa usingizi wiki tatu baada ya kumzika mume ni jambo la kawaida, japo linaumiza. Omba dada au shemeji alale chumba kimoja na wewe mpaka arobaini ipite. Chai ya rangi mwisho saa kumi jioni. Ukianza kuwaza kumfuata marehemu, usingoje asubuhi, mwamshe huyo aliyelala karibu na wewe na mwende hospitali usiku huo huo.

*

*Habari mama. Maji yalitupata Mai Mahiu usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024. Nilimpoteza binti yangu wa miaka 11. Kijana wangu alikuwa na miaka mitano. Tulimwambia dada ameenda Narok kwa shangazi, tukidhani atasahau. Hakusahau. Jioni nyingi huenda steji kungoja matatu za kutoka Narok. Mvua ikipiga mabati hujificha chini ya kitanda, na asubuhi godoro limelowa. Mchezo wake ni mmoja tu: anafukia vijiti matopeni, anavifukua. Mama mkwe anasema ni pepo. Mume wangu anasema ni kiboko kimekosekana. Nisaidie.*
*Mama, Mai Mahiu*

Pole sana mama. Ya kitanda na ya mabati yatafuata, kwanza twende steji.

Mtoto anangoja gari. Gari linafika, watu wanashuka na mizigo yao, dada hashuki. Muda wote huu amekuwa akifiwa upya kila jioni, tena peke yake, na hakuna wa kumpa pole kwa sababu nyumbani kwenu hakuna aliyekufa. Nyinyi mlikaa matanga. Yeye hakukaa. Sikulaumu, sijaona mzazi aliyesema uongo huo kwa ubaya. Lakini mtoto wa miaka mitano akiambiwa mtu amesafiri anaamini amesafiri, na akichelewa kurudi anajiuliza yeye alimkosea nini.

Mwambieni nyote wawili, wewe na baba yake, mchana, nyumbani, siku ambayo hakuna wageni. Tumia neno lenyewe. "Dada alikufa siku ile ya maji. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Haumii, hasikii baridi, hatarudi. Hakuenda Narok. Tulikudanganya kwa sababu tuliogopa, na tulikosea." Usiseme amelala, utamfanya aogope kitanda. Anaweza kulia, anaweza kukuuliza kama kuna chapati, yote mawili ni sawa. Kesho atauliza tena swali lile lile, na keshokutwa; mpe jibu lile lile, kwa maneno yale yale. Mwambie pia, hata kama hajauliza, kwamba si yeye aliyeyaleta maji. Watoto wa umri huo huwa wameshajihukumu kimya kimya, kwamba siku ile alikataa kumpa dada kalamu, basi ndiyo maana. Kisha mpeleke kaburini, abebe yeye maua au maji ya kumwagia. Kama mwili haukupatikana, chagueni mahali, hata mti, pawe pa dada.

Steji usimzuie kwa nguvu. Siku za mwanzo nenda naye. Nadhani atachoka mwenyewe akijua anangoja nini.

Vijiti matopeni si pepo. Mtu mzima akiona jambo kubwa hulisimulia kwa jirani mpaka jirani achoke, mtoto hulicheza. Kaa karibu naye, usimkemee, usimhoji. Ukiona kila siku vijiti vinafukiwa na havipati wa kuviokoa, mpe kigari au kijiti kingine umwambie, "Na huyu anakuja kusaidia," uone atakifanya nini.

Mvua: mpe kazi. Mtoto asiye na kazi kwenye mvua anabaki na masikio tu. Mnunulie tochi iwe yake, mawingu yakikusanyika yeye ndiye mkaguzi, mnatoka pamoja kuangalia mfereji kama uko wazi, mnarudi, anatoa ripoti kwa baba. Na baba apokee ripoti hiyo kwa heshima, asicheke. Kitanda tandika nailoni chini ya shuka, asubuhi mtandue pamoja bila maneno, na mwambie baba yake kwamba kiboko hakijawahi kukausha godoro la mtu. Mpime mkojo kliniki, maana mara nyingine ni maambukizi tu na sisi tunatafuta mambo ya mbali. Mama mkwe akitaka kumwombea, amwombee, sala ya bibi ni kitu kizuri. Asifungwe, asichanjwe, asifukizwe moshi.

Kwa kawaida wengi wa watoto hurudi katika hali yao ndani ya wiki au miezi michache, wakipata ukweli, shule na ratiba ya kula na kulala. Wako amekaa na hili muda mrefu, kwa hiyo pamoja na hayo yote mpeleke hospitali ya kaunti umuulizie mshauri wa watoto. Ukikwama, simu ya watoto ni 116, Kenya na Tanzania ni namba hiyo hiyo, na ni ya bure.

*

*Jambo mama. Niko mkalimani hapa kambini Nyarugusu. Nilikimbia Fizi, kule Kongo. Kazi yangu ni kutoa Kibembe na kutia Kiswahili mbele ya washauri. Tulifunzwa tuseme "mimi". Mama akisema "waliniingilia usiku", na miye nasema "waliniingilia usiku". Siku ingine ni watu sita. Sasa nikiota, ni miye. Asubuhi moja nilielezea mke wangu jambo lilinipata Fizi, akaniuliza, "Hilo lilikupata lini?" Halikunipata. Lilikuwa la mama mmoja wa Jumanne. Niliambia wakubwa, wakasema nipumzike Jumapili.*
*Mkalimani, Kasulu*

Ndugu yangu, barua yako nimeiacha kama ulivyoiandika, na nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule wa MV Bukoba, 1996. Waliozaliwa humo leo wana watoto wao. Miaka yote hiyo washauri wamekuja na kuondoka, mikataba ya miezi sita, ya mwaka. Mkalimani amebaki, anakaa mtaa mmoja na watu ambao siri zao zimepitia kinywani mwake. Kila mshauri amesikia habari moja kwa lugha moja. Wewe umeisikia kwa lugha ya mama yako, ukaisema tena kwa nyingine, kwa "mimi". Halafu ni habari za nchi yako, za njia ulizopita ukikimbia. Jumapili moja haifuti hayo.

Kusema "mimi" kuna sababu yake: kunamfanya anayesimulia ahisi anazungumza na mshauri moja kwa moja, si kupitia gazeti. Sipingi. Lakini si amri ya Musa. Kaa na mshauri wako kabla ya kikao, mkubaliane kwamba mambo ya kubakwa na kuuawa utasema "anasema kwamba", na mweleze mama mwenyewe mwanzoni kwa nini unafanya hivyo. Atakuelewa kuliko wakubwa wako.

Mengine yadai kwa mdomo mpana, kwa sababu si fadhila. Mwongozo wa mwaka 2007 ambao mashirika ya Umoja wa Mataifa, Msalaba Mwekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali yaliukubali kwa pamoja una sehemu nzima juu ya kuwalinda wafanyakazi na wanaojitolea, na mkalimani ni mfanyakazi. Watu sita kwa siku ni wengi mno. Omba wapunguzwe, na kesi mbili nzito zisifuatane. Omba dakika kumi na mshauri baada ya kila kikao kizito, mlango umefungwa, wewe uulizwe. Omba haki ya kukataa kesi ya mtu wa kijiji chako au wa ukoo wako. Omba pia mkalimani wa kike kwa akina mama wa Jumanne, kwa ajili yao na kwa ajili yako. Peleka maombi hayo kwa maandishi, mkiwa wakalimani wanne au watano. Sahihi tano hazijibiwi kwa neno Jumapili.

Na yako mwenyewe ya Fizi, yale yaliyokupata kweli, yamekaa wapi? Katika barua yako yote sikuyaona. Inawezekana umeyasemea watu mia mbili na ya kwako hujayasema hata mara moja. Sikwambii uyaseme. Nakuuliza kama kuna mtu ambaye, siku ukitaka, utamwambia kwa Kibembe, na hatakuwa anaandika.

Kuna muuguzi mwenzangu aliyekuwa akifanya kazi wodi ya walioungua. Kila jioni alivua viatu vya kazi getini, akavaa ndala, akatembea nyumbani na ndala. Viatu vililala kwa mlinzi. Nilimcheka miaka mingi, kisha nikaanza na mimi. Tafuta kitu chako cha kuacha getini.

Ila ndoto zikiendelea hivyo, na ukianza kukosea yapi ni yako na yapi si yako, hilo limeshavuka viatu. Nenda kituo cha afya cha kambi uonwe kama mgonjwa. Na ukienda, usiombwe kujitafsiria.

*

*Sisi ni kikundi cha akina mama 30 hapa Mbagala, wengi asili yetu Rufiji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipowakuta ndugu zetu Muhoro tulikimbilia kukusanya nguo, nyingine zikaoza kwenye viroba. Safari hii tunaweka akiba kabla ya masika, tumefikisha shilingi milioni mbili. Katibu anataka tukodi basi tupeleke wanasaikolojia wanne kwa siku mbili, kwa kuwa tumesikia watu wanaumia akili. Mweka hazina anataka masufuria. Nani yuko sahihi?*
*Mwenyekiti, Mbagala*

Mweka hazina. Lakini katibu asinune, nitamfikia.

Mwongozo ule niliomtajia mkalimani unapanga msaada kwa matabaka manne. Chini kabisa, pana kuliko yote, ni usalama, maji, chakula na mahali pa kulala, vinavyotolewa bila kumdhalilisha mtu. Juu yake ni familia na jamii: kupatana na ndugu waliopotezana, kuzika kwa heshima, kusali, watoto kurudi darasani. La tatu ni msaada wa karibu kwa wachache wanaouhitaji, unaotolewa na watu waliofundishwa hata kama si wataalamu. Juu kabisa, kadogo, ni wataalamu wa akili. Basi la katibu linaanzia darini.

Mwongozo huo haukuandikwa kwa kukosa kazi. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilipiga nchi za Bahari ya Hindi, mawimbi yakafika hadi kwetu na kuua watu Dar es Salaam. Kule Asia, palipoumia zaidi, wasaidizi walimiminika, kila kundi na fomu yake, na malalamiko yakawa mengi: mtu anahojiwa uchungu wake na kundi hili leo, kesho na lile, na hakuna anayerudi. Siku mbili za wanasaikolojia wanne wa Mbagala zitakuwa hivyo hivyo. Siku ya kwanza mtu anafungua, ya pili basi linaondoka saa nane.

Katibu akitaka kweli mambo ya akili, mshike kwa jambo hili. Nairobi waliwafundisha wahudumu wa afya wa jamii, watu wa mtaani wasio na digrii, mbinu fupi ya vikao vitano. Ilijaribiwa kwa wanawake 421, wengi wao waliowahi kufanyiwa ukatili, matokeo yakachapishwa mwaka 2017: waliopata vikao hivyo walipungukiwa msongo kuliko waliopelekwa kwenye huduma za kawaida. Kwa hiyo kabla ya masika katibu aende Rufiji, amtafute afisa ustawi wa jamii, amuulize wahudumu wa afya wa vijijini wamefundishwa nini na nauli ya kuzungukia watu wanaipata wapi. Sehemu ya milioni mbili inaweza kuwa nauli hiyo.

Awaulize pia jambo ambalo kila janga husahaulika: watu wa kifafa na wale waliokuwa wanatumia dawa za akili tangu zamani. Maji yakisomba nyumba yanasomba na kopo la dawa. Wiki haiishi mtu anaanguka kifafa kambini karibu na moto wa kupikia, watu wanasema mafuriko yamemtia wazimu. Orodha ya watu hao zahanati inayo. Ijulikane iko wapi mapema, isibaki kwenye kabati la chini.

Masufuria yakinunuliwa, waulizeni kwanza wanawake wa huko ukubwa wanaoutaka. Msipeleke nguo tena. Pelekeni taulo za kike, kanga mpya mbili mbili, na taa za sola. Mwaka ule Rufiji binti mmoja, aliyekuwa amehifadhiwa na wenzake kwenye majengo ya umma, aliniambia hali chakula cha jioni. Mama yake alidhani ni huzuni, ndiyo maana akaniletea. Nikamuuliza chakula kina kasoro gani. Hakina kasoro. Akila usiku atataka kwenda chooni, na choo kiko mbali, hakina taa, mlango hauna komeo.

Nunueni makomeo hamsini na misumari yake. Katibu ndiye akayagongelee.